Hard disk inagonga "tak, tak": nipige chkdsk?

Mezani_TB1: Wakuu, HDD (hard disk) ya TB 1, inchi 3.5, ya kompyuta ya mezani. Inagonga "tak, tak", kisha Windows inaganda. CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) inaandika Caution, yaani tahadhari: 05 ni 000000000010, C5 ni 000000000030, C7 sufuri. Umeme huku unakatika hovyo, UPS (betri ya akiba ya kompyuta) hakuna. Fundi anasema nipige chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Chanzo ni nini hasa?

Sahani7200: Usipige, mkuu. Kwanza hizo namba ziko kwa heksadesimali: 10 ya 05 ni sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) 16 ambazo diski imeshazitelekeza na kuweka za akiba, na 30 ya C5 ni sekta 48 zilizogoma kusomeka, bado hazijaamuliwa. Ingekuwa C7 (makosa ya mawasiliano kwenye waya) ndiyo inapanda, ungebadilisha waya wa SATA ukalala. Ukijumlisha na huo mlio, mashaka yangu yako kwenye vichwa vya kusomea data. Kichwa huelea juu ya sahani inayozunguka na kubeba data, kwa nanomita chache tu. Chkdsk /r inakilazimisha kupita diski nzima, na kila penye ubovu kinarudia na kurudia. Kikigusa sahani, kinaikwangua, na data ya hapo hairudi hata kwa mtaalamu.

Fundi_Bodi: Zima sasa hivi. Tafuta diski nyingine isiyopungua ukubwa huo, washa kompyuta kwa flashi ya Linux, hakiki majina ya diski kwa amri ya lsblk (ukiyageuza, unafuta data yako mwenyewe), kisha nakili diski kwa ddrescue:

ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc /mnt/flashi/ramani.map

Hapo sdb ni mbovu, sdc ni mpya. Ramani (faili la kumbukumbu ya kilichokwisha kunakiliwa) ikae kwenye flashi ya pembeni, ili kazi ikikatika iendelee ilipoishia. Ikimaliza, rudia amri hiyo ukiweka -r3 badala ya -n. Chkdsk utaipiga kwenye nakala. Mlio ukiwa mfululizo, au diski isipoonekana kabisa, acha: hiyo ni kazi ya chumba kisicho na vumbi.

Sahani7200: Ukweli kabisa.

Volti12: Naongezea upande wa umeme. Ukikatika diski ikiwa inaandika, sekta inaweza kubaki nusu na kuhesabiwa C5 ingawa sahani haina kidonda. Ikiandikwa upya inapona. Lakini hizo 16 za 05 zinaonyesha kuna ubovu wa kweli, usijipe moyo. Umeme ukirudi kwa kishindo huwa unaua bodi ya saketi ya diski, na dalili yake ni diski kimya, haizunguki. Pima diodi za kinga kwenye njia za volti 5 na 12: ikisoma karibu sufuri omu, imejitoa mhanga, yaani imeungua ikikinga bodi. Na msinunue bodi inayofanana mkaifunga tu! Chipu ya ROM (kumbukumbu ya kudumu ya bodi), mara nyingi ya miguu 8, imebeba vipimo vya diski ile ile, lazima ihamishwe. Yako inazunguka, kwa hiyo bodi iache.

Mezani_TB1: UPS ya VA 650 itatosha?

Volti12: Kuzima kwa utaratibu, ndiyo. Kuendelea na kazi, hapana.