Chuo kikuu bure kwa wote, mkopo, au bure kwa asiye na uwezo? Tulinganishe mifumo

Mwanazuo_K (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda. Kila majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yanapotoka, swali hili hurudi: elimu ya chuo kikuu iwe bure kwa wote au la? Na kila mara tunagawanyika makundi mawili, tunarushiana maneno, mada inafungwa. Naomba safari hii tulinganishe mifumo ambayo kuna nchi zimeishi nayo miaka ya kutosha, tuone imezaa nini.

Wapo waliofuta ada. Ujerumani inanivutia zaidi kwa sababu wao walionja pande zote mbili. Mwaka 2005 Mahakama yao ya Katiba iliondoa zuio la ada, majimbo saba yakaanza kutoza, kwa kawaida hadi euro 500 kwa muhula. Wanafunzi wakaandamana, ada ikawa hoja ya kampeni, majimbo yakaanza kurudi nyuma moja baada ya jingine. La mwisho, Niedersachsen, lilifuta mwaka 2014.

Wengine wameenda kinyume chake. Australia chini ya Waziri Mkuu Gough Whitlam ilifuta ada mwaka 1974, kisha mwaka 1989 ikaleta mpango wa HECS: unasoma kwanza, serikali inakilipa chuo, nawe unaanza kukatwa pale tu kipato chako kinapovuka kiwango kilichowekwa. Uingereza (Uskoti nawaachia wengine, wao wana utaratibu wao) ilianza mwaka 1998 na pauni 1,000 kwa kila mwaka wa masomo, ikapanda hadi 3,000 mwaka 2006, na 2012 ikafika 9,000.

Halafu kuna wa katikati. Chile, baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi ya 2011, ilianza mwaka 2016 kuwasomesha bure vijana wa familia zilizo nusu ya chini kwa kipato, baadaye ikafika asilimia 60. Afrika Kusini, baada ya vuguvugu la wanafunzi la kupinga ada la 2015, #FeesMustFall, ikaweka mstari: kuanzia 2018, familia isiyozidi rand 350,000 kwa mwaka, mtoto anasomeshwa.

Mimi naegemea njia ya Australia, kwa sharti moja ambalo silegezi: siku ya kuripoti chuoni mwanafunzi asidaiwe hata senti. Kumrudisha kijana getini kwa sababu ya karatasi ya benki ni dhuluma. Lakini akishahitimu na kupata kipato kizuri, achangie, mdogo wake naye apite. Karibuni.

Bahari_Tulivu

Asante kwa kuileta kistaarabu, ndugu Mwanazuo. Naomba kutofautiana nawe.

Mataifa yalishakubaliana jambo hili kwenye karatasi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966, kifungu cha 13, unasema elimu ya juu ifikiwe na wote kwa usawa kulingana na uwezo wao wa kusoma, hasa kwa kuleta elimu ya bure hatua kwa hatua. Uwezo wa kusoma, si wa mfuko wa baba.

Hiyo njia ya katikati, ya kupima kipato, ndiyo naiogopa kuliko zote. Popote utakapochora mstari kuna mtu atasimama hatua moja juu yake. Afrika Kusini lipo kundi zima la hao: wazazi wana kazi, kwa hiyo hawahesabiwi maskini, lakini mshahara wao hauwezi kubeba ada, na benki nazo haziwakopeshi kirahisi. Halafu fikiria fomu zenyewe. Anayeijaza vizuri zaidi ni yule ambaye mzazi wake anajua ofisi zinavyokwenda. Yatima anayelelewa na bibi anaulizwa hati za mishahara za wazazi, anazitoa wapi?

Ukisema ni bure kwa wote, fomu hiyo haipo. Tajiri naye anasoma bure, sawa, lakini kodi yake ndiyo inayolipa. Si ndivyo barabara na shule za msingi zinavyojengwa?

Hesabu_Kwanza

Dada Bahari, hoja ya fomu nakubali, umegusa penyewe. Ila ya barabara sikubaliani nayo. Barabara kila mtu anapita. Chuo kikuu wanapita wachache, na katika nchi nyingi hao wachache wametoka nyumba zilizojiweza tangu mwanzo.

Tazameni Brazil. Vyuo vikuu vya umma ni bure, ipo hadi kwenye Katiba yao ya 1988. Lakini nafasi ni chache na mtihani wa kuingia ni mgumu, kwa hiyo kwa miaka mingi waliojaza madarasa ya udaktari na uhandisi walikuwa watoto waliosomeshwa sekondari za kulipia. Mzazi anatumia fedha kwenye sekondari, kisha serikali inambebea mzigo wa chuo. Mtoto wa shule ya umma anaishia chuo binafsi cha jioni, na huko analipa. Kufuta ada peke yake hakukurekebisha hilo. Walikuja kusogea walipopitisha sheria mwaka 2012 ya kutenga nusu ya nafasi za vyuo vya shirikisho kwa waliosoma sekondari za umma.

Na Uskoti aliyoiruka Mwanazuo: serikali inawalipia ada vijana wake, na kwa kuwa ndiyo inayolipa, inaweka ukomo wa nafasi inazogharimia. Bure ina mlango mwembamba. Nikisikia "bure kwa wote" huwa nauliza, hao wote ni wangapi mwaka huu?

Na kodi inayolipia hayo ni pamoja na ya fundi ambaye hakuwahi kukanyaga chuo.

Fundi_Mbao

Huyo fundi unayemsemea ni mimi, kwa hiyo ngoja niseme mwenyewe.

Nilijifunza useremala kwa kukaa karakana ya mtu, mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa kufagia maranda na kushika ubao mwingine akikata. Hakuna aliyenipa mkopo wala ruzuku. Randa yangu ya kwanza nilinunua kuukuu, mpini umepasuka, nikautengeneza. Leo kila nikinunua mbao, misumari, vanishi, kodi imo ndani. Sina kinyongo kulipia mwanafunzi wa uuguzi, maana siku nikikatwa na msumeno ndiye atakayenishona. Kinachoniuma ni kwamba mjadala huu kila ukianza ni chuo kikuu, chuo kikuu. Kijana anayetaka kujifunza umeme, mabomba, uchomeleaji, yeye analipia kila kitu na hakuna anayeandamana kwa ajili yake.

Kama ni bure, iwe bure kwa kila anayejifunza kazi baada ya sekondari. Kama ni kuchangia, tuchangie wote.

Zuwena_M

Mzee wangu Fundi, heshima yako. Umesema neno ambalo mimi pia linanikereketa.

Nyote mnazungumzia ada, na ada ni sehemu tu ya gharama. Mdogo wangu alilipiwa ada yote, hakudaiwa chochote chuoni. Alichokosa ni chumba na chakula. Alikuwa analala kwa rafiki zake kwa zamu, begi lake la nguo analiacha kwa mlinzi wa maktaba asubuhi, jioni analichukua. Akianza kazi ya usiku ili ale, vipindi vya saa moja asubuhi vinampita, akasapu (akafeli na kutakiwa kurudia mtihani) masomo matatu, mwaka wa pili akadisko, yaani akaondolewa chuoni. Kwenye takwimu zao yeye ni mtu aliyesomeshwa bure akashindwa masomo.

Sweden hawatozi ada raia wao, na bado wanafunzi wengi wanamaliza na deni, kwa sababu wanakopa ili waishi. Denmark imeenda mbele zaidi, hakuna ada na kila mwezi mwanafunzi anapewa posho ya serikali isiyorudishwa. Ningelazimishwa kuchagua kati ya ada nusu pamoja na fedha ya kujikimu ya uhakika, au ada sifuri na ujitegemee, ningechukua ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Kwa mtoto wa mlalahoi, "bure" isiyo na kitanda wala sahani inamfikisha mwaka wa kwanza tu.

Kalamu_Nyekundu

Nafundisha, nitaongeza dogo tu. Poland katiba yao inasema elimu katika taasisi za umma ni bure, lakini kwa vyuo hiyo ni kwa wanaosoma kutwa. Anayesoma wikiendi kwa sababu siku za kazi yuko kazini, huyo analipa. Mnaona kilichotokea hapo? Mwenye nafasi ya kutofanya kazi anasoma bure, mwenye kuhitaji kazi ndiye anayetozwa.

Na Argentina walifuta ada tangu 1949, milango iko wazi kuliko sehemu nyingi, lakini wengi wanaoingia hawamalizi, au wanachukua miaka mingi mno. Habari ya Zuwena ndiyo hiyo kwa kiwango cha nchi.

Mwanazuo_K

Zuwena, pole sana kwa mdogo wako. Fedha ya kujikimu naiingiza kwenye sharti langu, haiwezi kuwa pembeni.

Kuhusu mikopo, tusiichanganye yote kapu moja. Marekani deni la wanafunzi limepita dola trilioni 1.6, na kinachotesa watu si ukubwa wake peke yake. Utaratibu wao wa kawaida unataka kiasi kilekile kila mwezi, uwe na kazi au huna, na mipango ya kulipa kwa kipato ikaja kubandikwa juu baadaye. Australia makato yanapitia mamlaka ya kodi. Kipato kikishuka chini ya kiwango, makato yanasimama yenyewe, huhitaji kumwandikia mtu barua ya kuomba huruma.

Si kwamba ni mfumo safi. Deni hilo lilikuwa linapandishwa kufuata mfumuko wa bei, na mwaka 2023 lilipanda asilimia 7.1 kwa mkupuo, watu wakakuta wanadaiwa zaidi ya mwaka uliotangulia ingawa walikuwa wanakatwa. Serikali ililazimika kubadili sheria. Uingereza nako, walioanza masomo kuanzia 2023 deni lao linafutwa baada ya miaka 40, zamani ilikuwa 30. Kwa hiyo anayetaka mkopo lazima aulize mambo matatu: nianze kulipa nikifika kipato gani, deni linakua kwa kasi gani, na linakufa lini. Asipopewa majibu hayo kwa maandishi, akatae.

Bahari_Tulivu

Umeyasema mwenyewe, ndugu. Kiwango kinashushwa, miaka inaongezwa, riba inabadilishwa, na kijana alishasaini akiwa na miaka 18. Mkataba gani huo ambao upande mmoja tu ndio unaoruhusiwa kubadili masharti? Ireland walifuta ada za shahada ya kwanza mwaka 1996, wakabakisha mchango mdogo wa usajili. Mchango huo ukapanda mwaka hadi mwaka mpaka ukafika euro 3,000. Ukiacha mlango wa kutoza wazi kidogo, utapanuliwa.

Na mhitimu anayepata mshahara mnono tayari analipa kodi kubwa zaidi. Huko ndiko kurudisha.

Hesabu_Kwanza

Hapo ndipo kwenye kiini, na kinawahusu nyinyi wawili kwa pamoja.

Kodi inayopanda na kipato, na mkopo unaolipwa kwa kipato, vyote vinategemea kitu kimoja: serikali iweze kukiona kipato chenyewe. Australia na Ujerumani wanakiona. Lakini nchi ambazo watu wengi wamejiajiri bila hati ya mshahara, nani anakatwa? Mwalimu. Nesi. Karani wa halmashauri. Hao wanakatwa juu kwa juu kila mwezi mpaka mwisho. Wakili mwenye ofisi yake au mhandisi anayepokea kazi za mkononi anaweza kupita miaka bila kuonekana, ingawa shahada yake iligharimu zaidi. Mfumo ukiwa mzuri Sydney hauwi mzuri kila mahali kwa sababu hiyo moja.

Ndiyo maana kwa nchi za aina hiyo ningeanza na nafasi na fedha ya kujikimu kwa waliotoka shule za umma, wote, bila fomu ya kipato. Shule uliyosoma iko kwenye cheti, haihitaji barua ya mtendaji. Hilo linajibu hofu ya dada Bahari kiasi fulani.

Bahari_Tulivu

Linajibu ya fomu. Ila wenye fedha watawahamishia watoto wao shule za umma mwaka wa mwisho ili wahesabiwe.

Hesabu_Kwanza

Kweli, watajaribu. Sharti la Brazil ni kwamba uwe umesoma sekondari ya juu yote katika shule ya umma. Ukitaka kukaza, hesabu kuanzia kidato cha kwanza. Na wakiwahamisha watoto wao miaka yote hiyo, basi watazipigania shule hizo zipate walimu na maabara, jambo ambalo hatujawahi kulipata kwa kuomba.

Fundi_Mbao

Hili la shule za umma naliunga mkono, wangu wote wamesoma huko. Ila bado hamjanijibu. Vyuo vya ufundi vimo au havimo?

Zuwena_M

Kwangu vimo, mzee wangu, na ningevianza kabla ya chuo kikuu. Kozi ni fupi, kwa fedha ileile unasomesha vijana wengi zaidi, na kijana anatoka akiwa na kazi mkononi. Hesabu, wewe ndiye mtu wa namba humu, weka mchanganuo hapa: fedha ya kujikimu kwa wanachuo wa ufundi na wa chuo kikuu waliotoka shule za umma, ada ya kozi za ufundi iwe sifuri. Tuone inazidi kiasi gani ile ya kufuta ada za chuo kikuu peke yake.