Niko mwaka wa pili na bado sijui nitaitwa nani kazini: nihame programu au nibaki?

Binti wa Kilosa

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na habari za leo kwa wenzangu. Ninasoma mwaka wa pili wa Shahada ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula. Sikuichagua kwa moyo. Kidato cha tano niliingia tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa kuwa nyumbani tulikwisha kukubaliana, tangu nikiwa kidato cha pili, kwamba nitakuwa daktari. Matokeo yalipotoka alama zangu hazikufika, na programu hii, niliyoijaza mwishoni mwa maombi ili tu nafasi isibaki wazi, ndiyo iliyonipokea. Ninafaulu vizuri, wala siichukii. Shida ni kwamba anayesomea ualimu ataitwa mwalimu na anayesomea sheria ataitwa wakili, lakini mimi nikiulizwa nyumbani nitakuwa nani, nabaki kutazama chini.

Baba angependa nihamie ualimu wa sayansi. Mjomba, ambaye ndiye aliyenilipia ada ya sekondari, anasema nianze mitihani ya uhasibu pembeni kwa sababu mhasibu halali njaa. Wenzangu wa chumbani hujadili jambo moja tu, nalo ni kada ipi imetangaziwa nafasi nyingi mwezi huu, na kila tangazo jipya likitoka watu watatu hubadili ndoto zao kabla ya chakula cha jioni.

Imebaki miezi miwili twende mafunzo kwa vitendo ya wiki 8, na nina barua mbili za kukubaliwa. Moja imetoka ofisi ya halmashauri karibu na nyumbani, ambako nitalala na kula kwetu, ingawa waliotangulia wananiambia kazi kubwa pale ni kusaini kitabu cha mahudhurio na kutoa nakala. Nyingine imetoka kiwanda kidogo cha maziwa mkoani Tanga, ambako sina ndugu, na fedha ya mafunzo kutoka Bodi ya Mikopo itaishia kwenye chumba na nauli. Naomba mnisaidie kwa mawili: je, nihame programu? Na ninyi mlioko kazini, mlijuaje kwamba kazi mnayoifanya ndiyo yenu?

Mpima Maziwa

Dada, nitaanza na swali la pili kwa kuwa ndilo ninaloliweza. Mimi sikujua. Nilisoma programu kama yako, na hadi naingia mwaka wa mwisho nilikuwa nikiwaambia watu kwamba nitakuwa mtafiti, neno nililolipenda kwa sababu hakuna aliyeuliza zaidi baada ya kulisikia.

Kilichonigeuza ni mapokezi ya maziwa kiwandani, nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kama utakavyokuwa wewe. Madumu hushushwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mfugaji amesimama pembeni anakutazama mikono, nawe unatumbukiza laktomita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa, na kusubiri itulie. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 26 na 32 hivi. Yakisoma 22 yameongezwa maji, na mtu aliyeyabeba kwa baiskeli tangu alfajiri anataka kujua kwa nini unamrudisha nayo. Kisha unachanganya maziwa na alkoholi kwa vipimo sawa. Ukiona vipunje vimejitokeza ukutani mwa kikombe, ujue yameanza kuchacha na hayatahimili moto. Siku za kwanza mkono ulikuwa ukinitetemeka. Wiki ya tatu mzee mmoja akabisha sana, nikapima upya mbele yake na kumwachia laktomita aisome mwenyewe. Aliisoma, akanyamaza, halafu akasema atazungumza na kijana wake aliyepitia kisimani. Siku hiyo niligundua kwamba ninaipenda kazi ambayo jibu lake liko kwenye chombo lakini lazima mtu alieleze mbele ya mtu. Darasani nisingeweza kuligundua hilo hata ningekaa miaka kumi.

Fani yako ni pana kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliyokuwa kwenye chakula chao, na kupima mahindi na karanga ili jambo hilo lisijirudie ni kazi ya watu waliosoma unayoyasoma. Viwanda vya unga vinavyoongeza virutubishi vinahitaji mtu wa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye mfuko ndicho kilichomo. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 limebeba pia usalama wa chakula, linakagua hao wote. Nenda Tanga, na ukifika mwombe msimamizi usikae sehemu moja wiki zote 8: pitia mapokezi, maabara, ufungashaji, na walau siku mbili panda gari la kusambaza bidhaa madukani. Huenda ukakuta maabara inakuchosha na gari ndilo linalokufaa, na hilo nalo ni jibu.

Kaka Mkubwa

Mpima Maziwa ameandika vizuri, lakini ameandika kama mtu ambaye mshahara wake wa kwanza haukuwa na wenyewe. Mimi ni mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto sita. Nilisoma jiografia na mazingira, nikamaliza nikiwa na deni la mkopo, ambalo ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na wadogo wawili wakisubiri ada. Kazi ya kwanza iliyojitokeza ilikuwa kuuza bima, nikaichukua bila kuuliza moyo wangu unasemaje. Nimo humo hadi leo, sasa nikishughulikia bima za mazao, na sijutii. Yale niliyosoma kuhusu mvua na udongo yamerudi kunitafuta kwa mlango ambao sikuutazamia.

Ninachotaka kusema ni kwamba wengi wetu hatuchagui kazi, tunachagua tarehe ya kodi ya nyumba, halafu kazi inakua ndani ya chaguo hilo. Kwa hiyo, dada, usiidharau halmashauri haraka hivyo. Kama fedha kweli haitoshi, kaa nyumbani, ila usikubali kukaa kwenye mashine ya kutoa nakala: mtafute afisa afya au afisa lishe anayetoka kwenda kukagua machinjio na migahawa, umbebee mkoba.

Mama Mshauri

Marahaba, mwanangu. Nilifanya kazi ya ushauri wa wanafunzi chuoni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa nililoliona zaidi ya yote ni mwanafunzi kuchagua jina la kazi bila kujua milango iliyo mbele yake. Daktari, baada ya miaka 5 ya masomo, ana mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Mhandisi husajiliwa na bodi yake baada ya kufanya kazi chini ya usimamizi, na mpango wa mafunzo wa bodi hiyo kwa wahitimu ni wa miaka 3. Mwenye shahada ya sheria haitwi wakili hadi apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kwa hiyo hata hao unaowaonea wivu hawajui kwa hakika wataitwa nani.

Kuhama programu sasa ni karibu sawa na kuanza upya, na sioni sababu. Mlango wa ualimu haujafungwa kwako: ukihitimu na ukaona kweli unautaka, ipo stashahada ya uzamili ya elimu kwa wenye shahada zisizo za ualimu, ingawa masomo utakayofundisha yatategemea uliyosoma sasa. Mjomba naye hajakosea kabisa, kwa kuwa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, haimzuii mwenye shahada nyingine, ila ataanzia ngazi ya chini kuliko aliyesoma uhasibu. Mweleze hivyo kwa heshima. Mtu aliyekulipia ada anastahili maelezo, hata kama hutafuata ushauri wake.

Kuhusu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, yasome, lakini acha kuhesabu nafasi, kwa maana nafasi za mwezi huu si za mwaka utakaohitimu. Soma kipengele cha majukumu. Chukua matangazo kumi ya kada mbalimbali, ufunike jina la kazi kwa kiganja, na usome tu kile ambacho mtu huyo atafanya: kukagua, kupima, kuandaa taarifa, kutoa elimu kwa wananchi. Pale ambapo utasoma hadi mwisho bila kupiga miayo, fungua kiganja uone jina. (Na ukiwa huko, hakikisha majina yako yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Nimeona vijana wakilia kwa herufi moja.)

Binti wa Kilosa

Ahsanteni sana. Nimefanya la viganja jana usiku pamoja na wenzangu wa chumbani. Mmoja aliyekuwa akisisitiza uhasibu amejikuta ameshika tangazo la afisa maendeleo ya jamii. Mimi nimesimama mara mbili kwenye kukagua na kupima. Nimezungumza na baba kuhusu stashahada ya uzamili, naye amekubali nisihame kwa sasa. Nitakwenda Tanga. Kaka Mkubwa, nimeona pia kuwa chumba nikishirikiana na mwenzangu aliyepata nafasi kiwanda hichohicho, fedha inatosha, japo kwa kubana. Mpima Maziwa, niende na nini?

Mpima Maziwa

Makoti meupe mawili, kwa kuwa moja litakuwa kwenye kamba kila siku. Daftari dogo linaloingia mfukoni, uandike usomaji papo hapo na si jioni. Na buti za mpira za saizi yako mwenyewe, usitegemee za kuazima. Sakafu ya mapokezi haikauki.