Pumba za mpunga zimetuzidi na kikaoni watu hawaji, nianzie wapi?

kijana_wa_mbarali:
Habari wakuu. Niko Mbarali, nasimamia mashine ya kukoboa ya kikundi chetu. Kwa wasiojua, kilo 100 za mpunga zinakuachia kama kilo 20 hivi za pumba ngumu, na msimu ukifika tunakoboa mpaka usiku, lundo limeshapita paa. Tukichoma linafuka siku tatu nne watoto wa jirani wanakohoa, tusipochoma upepo unazipeleka mpaka mferejini.

Miaka miwili nyuma kuna mradi ulituletea mashine ya mkaa mbadala, yaani mkaa wa kushindilia unaotokana na hizi pumba, tukasaini mahudhurio, tukapigwa picha, wakaondoka. Ikafanya kazi kama miezi miwili ikafa, saa hizi kuku wanatagia humo. Sasa kikundi kina vijisenti tunataka kujaribu tena, na safari hii nataka wanakijiji wapange wenyewe tangu mwanzo. Nimeitisha kikao mara mbili, cha kwanza walikuja tisa, cha pili sita, wote wazee wa kiume. Nakosea wapi?

mama_wawili:
Mdogo wangu, kikao uliita saa ngapi? Maana asubuhi wanawake wako shamba au wako hapo hapo mashineni kwako wanapepeta chenga. Usiwaite, wafuate kwenye lundo, shika na wewe ungo. Na usianze na habari za mashine, waulize wanapikia nini na kwa nini waliuacha ule mkaa wa mwanzo. Mimi niliutumia wa pumba, majivu mengi mno, maharage sawa yanaiva maana moto wake wa taratibu, ila ugali wa watu kumi hautoki. Mtu angeniuliza kabla ningemwambia bure.

fundi_chuma:
Mkuu pumba za mpunga zina silika nyingi (madini magumu kama ya mchanga), zinalamba ile skrubu ya ndani ya mashine ya mkaa kama msasa, ndo maana ikafa. Fundi wa kuchomelea wa hapo kijijini alishirikishwa? Kama hawezi kuijazia chuma skrubu iliyolika hapo hapo basi kila ikilika mnasubiri mtu wa mjini. Muwe naye kabla hamjatoa hela, mashine ipi inunuliwe aseme yeye.

mtu_wa_kahama:
Kabla hujaziita taka, kaa mashineni wiki nzima uandike nani anachukua nini. Huku kwetu wa matofali wanachomea tanuru, wafugaji wanatandika bandani kwa kuku, wote wanabeba bure. Kuna mwenye mashine mmoja akaanza kuuza kwa gunia ghafla tu, ulizuka ugomvi hatujawahi kuuona. Inawezekana watu wako hawaji kwa sababu wameshasikia mnataka mashine na wanajua pumba zao ndo zinaondoka, na hakuna aliyewaambia watapata nini.

kijana_wa_mbarali:
Kaka umenigusa sana. Wa matofali wanakuja na mikokoteni kila wiki na sikuwahi kuwahesabu hata siku moja. Na kikao kweli niliita saa nne asubuhi.

mjumbe_mstaafu:
Mkishaelewana huko chini, lipelekeni mkutano mkuu wa kijiji, liingie kwenye muhtasari: pumba kiasi gani zinabaki za bure, za nani, mashine inasimamiwa na nani. Viongozi hubadilika, mkielewana kwa mdomo tu yanapotea.

shamba_la_babu:
Mi napingana kidogo na wakuu hapo juu, maneno yakizidi watu wanachoka. Chukueni magunia matano, kina mama wachome kwenye pipa wenyewe, wafinyange kwa uji wa muhogo, wapikie nyumbani wiki mbili. Wakiukataa mmepoteza magunia matano ya pumba tu, hamjapoteza hela ya kikundi.

kijana_wa_mbarali:
Hiyo nimeichukua, ila magunia nawauliza kwanza wa matofali. Kesho jioni naanza na mama zangu wa chenga. Fundi nimempigia, amesema tuifungue ile ya zamani tuone skrubu imebaki kiasi gani.