Gumzo la ukoo: Shangazi anaenda Mwanza

Mama Neema: Jamani, safari keshokutwa na usingizi sina. Nikikumbuka safari ile ndege ilivyoshuka ghafla, tumbo likapanda kifuani, natamani nikate tiketi ya basi.

Juma: Shikamoo shangazi. Dar mpaka Mwanza kwa basi, na goti hilo?

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Goti nitalivumilia. Kule juu hakuna pa kushukia.

Rehema: Shikamoo shangazi. Miaka yote niliyohudumu ndani ya ndege, wenye hofu kama yako walikuwa wengi mno, wanaume wazima wakiwemo. Unahisi imeporomoka, lakini mara nyingi ni mita chache tu. Jua likipasha ardhi, hewa ya moto hupanda. Ndege ikiingia humo inanyanyuliwa, ikitoka inashuka.

Mama Neema: Na bawa je? Nililiona kwa macho yangu linapanda na kushuka!

Rehema: Limeundwa lipinde. Ndege ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike inahimili mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Rubani naye hupunguza mwendo, au huomba kubadilisha kimo.

Salum: Dada, mimi nakuelewa. Ile iliyotoka London kwenda Singapore, Mei 2024, si mtu alifariki?

Juma: Baba mdogo, sasa hiyo ya nini usiku huu?

Rehema: Mwache aulize, ni kweli. Abiria mmoja alifariki na wengi waliumia. Ndege yenyewe ilitua salama Bangkok. Wasiofunga mkanda walirushwa juu kutoka vitini. Kwa hiyo shangazi, nakuomba sana: hata taa ya mkanda ikizimwa, wako usiufungue, labda ukienda chooni. Mkanda ukae chini ya tumbo, kwenye nyonga, na uubane.

Mama Neema: Ndege ni ya saa nne asubuhi.

Rehema: Saa nzuri hiyo. Kule ziwani mawingu ya radi hujikusanya zaidi usiku hadi alfajiri, na nchi kavu ni mchana na jioni. Juma, mtafutie kiti karibu na bawa, nyuma kunatikisika zaidi.

Juma: Naenda kwa wakala kesho asubuhi.

Rehema: Na ukiingia tu mlangoni, mwambie mhudumu kwamba unaogopa. Usione haya. Mimi nikiambiwa hivyo nilikuwa napita kila mara kumwangalia mtu huyo. Ikianza kutikisika, vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Usikaze mwili.

Mama Neema: Naweza kujifunika khanga? Kule ndani baridi.

Rehema: Jifunike, ila mkanda uwe juu ya khanga, mhudumu auone. Ukilala hatakuamsha kuukagua.

Mama Neema: Haya. Juma, siku hiyo nifuate saa kumi na mbili na nusu, foleni ya barabara ya uwanja naijua.