Dai la hakimiliki YouTube kwenye video ya harusi: nipinge, nikate au nifute?

MpigaVideo_Moro:
Wadau, habari za kazi. Nina video ya harusi ya dakika 14. Kama sekunde 40 hivi zina wimbo uliopigwa na DJ bibi harusi akiingia ukumbini. YouTube wameleta dai la Content ID (mfumo wao wa kutambua nyimbo zenye hakimiliki): video inaonekana, ila mapato ya matangazo yanakwenda kwa mwenye wimbo. Kwenye maelezo niliandika jina la msanii na kwamba haki zote ni zake. Je, chaneli iko hatarini? Na vijana wanaojifunza kazi hapa niwaambie nini?

SautiSafi:
Mkuu, usifute. Dai la Content ID si straiki, yaani onyo la hakimiliki dhidi ya chaneli. Mfumo umelinganisha sauti yako na faili la mwenye haki, naye alishachagua: kuzuia video, kuchukua mapato, au kufuatilia takwimu tu. Straiki huja anapotuma ombi la kisheria la kuondoa video. Zikifika 3 ndani ya siku 90 chaneli hufungwa, na kufuta video baada ya straiki hakuiondoi.

Vijana waanze na hili: kumtaja msanii ni heshima, si ruhusa. "Ni sekunde 10 tu", "sipati hela", "wimbo nimeununua", vyote havisaidii. Hata kibali cha ukumbi ni cha kupiga muziki hadharani. Kuunganisha wimbo na picha ni ruhusa nyingine.

Kwenye YouTube Studio ingia Maudhui, safu ya vizuizi, fungua maelezo ya dai. Utaona sekunde wimbo unapoanzia na unapoishia. Unaweza kukata kipande, kubadilisha wimbo au kuunyamazisha. Kunyamazisha wimbo pekee hakutoki safi kwenye sauti ya ukumbini, maana vigelegele na spika vimeingia kwenye maiki moja. Zima sauti yote ya kipande hicho, au weka wimbo wa Maktaba ya Sauti ya YouTube. Ukihariri humo humo, kiungo na idadi ya watazamaji vinabaki. Ukipandisha upya unaanza sifuri.

MpigaVideo_Moro:
Asante sana ndugu. Na kama msanii mwenyewe amenikubalia kwa WhatsApp, nipinge?

Kinanda77:
Bado usipinge. Mara nyingi aliyeuingiza wimbo Content ID ni msambazaji wake (kampuni inayopeleka nyimbo zake mtandaoni), na meseji ya WhatsApp haimfikii. Mwombe msanii amwandikie msambazaji aachie dai, akimpa kiungo cha video yako. Hiyo ndiyo njia fupi.

Kupinga ni kwa mwenye haki, au mwenye ruhusa anayoweza kuithibitisha. Mdai ana siku 30 za kujibu. Akishikilia, unakata rufaa naye ana siku 7. Akikataa hapo kwa ombi la kuondoa video, unapata straiki. Ukitaka kuijibu kwa notisi ya kukanusha (ombi la kisheria la kurudishiwa video), jina na anwani yako vinapelekwa kwa mdai, naye ana siku 10 za kazi za Marekani kuonyesha kwamba amechukua hatua za kisheria.

Vijana wa studio wawe macho na biti za kukodi pia. Biti moja huuzwa kwa watu wengi. Mmoja akiisajili Content ID kama yake, wengine wote wanadaiwa. Hapo ndipo kupinga kuna maana, kwa hiyo risiti na mkataba wa biti vihifadhiwe kwenye folda moja na mradi wa video.