Tupeane uzoefu: HID au LED kwa pikapu yenye taa za H4, sisi tunaotembea usiku njia ya Kigoma–Tabora

Chumvi_Uvinza
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux Vigo ya 2008. Nabeba chumvi kutoka Uvinza kupeleka Kaliua na Urambo, narudi na karanga au mchele. Huwa napakia jioni, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ni giza.

Wiki tatu zilizopita, saa mbili usiku, nilikuwa nimeshavuka Malagarasi naelekea Nguruka. Lori likaja mbele yangu na taa nyeupe kali. Nikapunguza mwendo, tukapishana, na lilipopita sikuona kitu. Taa zangu ni za njano, hafifu, na macho yalikuwa bado yamejaa ule weupe. Nilichoona kwanza ni gunia, halafu gurudumu la baiskeli, halafu mtu. Nikakata usukani kulia, kioo cha kushoto kikagonga gunia la mkaa likapasuka. Mwenyewe hakuguswa, namshukuru Mungu. Tuliokota mkaa pamoja kwa tochi ya simu, mzee wa watu mikono inamtetemeka, na yangu pia. Nikamlipa gunia lake, akaendelea kusukuma.

Tangu siku hiyo sina amani na hizi taa. Duka la kwanza wameniambia niweke HID, zile taa za cheche ndani ya gesi (xenon). La pili wamesema HID imepitwa na wakati, niweke LED, zile za chipu. Kila mmoja anasifia alicho nacho kwenye rafu. Naomba waliofunga wenyewe, wakatembea nazo kwenye vumbi letu na ng'ombe wetu, waseme kilichowapata. Ya kusikia tuyaache.

Mwana_Heru
Pole sana mkuu. Mimi nilifunga HID ya wati 35, rangi ya kelvini 4300 (nyeupe yenye unjano kidogo), kwenye Hilux kama yako, nikiwa naenda Kasulu kila wiki. Sitasema uongo, siku ya kwanza nilifurahi sana. Niliona mpaka mitaro.

Tatizo lilikuja kwenye fulu. Globu ya H4 ya kawaida ina nyuzi mbili ndani, moja ya dimu (mwanga mfupi wa kupishana) na moja ya fulu (mwanga mrefu). HID ina cheche moja tu, kwa hiyo wanaweka sumaku inayoisogeza globu mbele na nyuma unapobadilisha. Barabara ya vumbi yenye mawimbi ikaitingisha ile sumaku miezi minne, taa ya kulia ikagoma kurudi kwenye dimu. Nimetoka Kasulu mpaka Kidahwe kila gari ninalokutana nalo linanipigia fulu kwa hasira, na mimi sina la kufanya. Karibu na mjini askari wa usalama barabarani akanisimamisha. Aliongea nami kwa upole, akaniuliza kama nina watoto wanaotembea barabarani usiku. Kesho yake nikazitoa.

Jambo lingine, HID ukiiwasha haifiki nguvu yake papo hapo. Inaanza hafifu, inapanda kwa sekunde kadhaa.

Fundi_Waya_Kanyenye
Wakuu, mimi ni fundi umeme wa magari, Tabora mjini. Nitaandika kirefu kwa sababu hili jambo linaniuma. Naletewa magari yaliyokatwa waya hovyo karibu kila wiki.

Kwanza mjue taa ni nini. Kile kikombe kinachong'aa ndani kimechongwa kwa ajili ya waya mdogo unaowaka, ukiwa mahali pake halisi. Chini ya waya wa dimu kwenye H4 kuna kikinga cha bati, kidogo kama ukucha. Kazi yake ni kuzuia mwanga usipige nusu ya chini ya kikombe, maana ukipiga hapo unarushwa juu, machoni kwa anayekuja. Ukitoa globu hiyo ukaweka kitu chenye umbo lingine, kikombe hakijui. Kinatupa mwanga popote.

HID ndiyo inayoharibu zaidi kwenye kikombe cha H4. Globu ya kawaida kwenye dimu inatoa kama lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). HID ya wati 35 inatoa karibu 3,000. Ukizidisha mwanga mara tatu kwenye kikombe kisichoweza kuupanga, unazidisha pia ule unaokwenda machoni mwa watu. Kwa kanuni zinazofuatwa Ulaya, taa ya dimu inayozidi lumeni 2,000 lazima iwe na mtambo wa kujisawazisha yenyewe na wa kuosha kioo. Ndiyo maana HID iliyokuja na gari kutoka kiwandani, mara nyingi ndani ya projekta (taa yenye lenzi ya kupanga mwanga), ni salama, na ile ya kubandika si salama, ingawa jina ni moja.

LED inaweza kukaribia kuwa sawa ikiwa chipu zake ni nyembamba, zimekaa palepale waya ulipokuwa, na zina kikinga chao cha dimu. Wakati wa kufunga, chipu ziangalie kushoto na kulia. Zikiangalia juu na chini umeshaharibu. Ziko nzuri, ila nyingi zinazoletwa kwangu ni nene na hazina kikinga.

Pia Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, swichi ya taa inakata upande wa hasi. Seti iliyotengenezwa kwa gari linalokata upande wa chanya ikifungwa hapo, fulu inagoma au alama ya fulu kwenye dashibodi inawaka muda wote. Halafu fundi asiyejua anaanza kukata waya. Na ukiwa na HID, usishike balasti (kile kisanduku cha kukuza umeme wa globu) ikiwa imewashwa. Kile kipigo cha kuwasha kinapita volti 20,000.

Sasa ndugu yangu wa Uvinza, umesema unabeba chumvi. Hapo ndipo nataka tusimame. Kabla hujanunua chochote, washa injini na taa, upime volti kwenye betri, kisha upime kwenye soketi ya globu. Kwenye betri utapata kama 14. Kwenye soketi ukikuta 12 au chini yake, globu yako haina kosa, ina njaa. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga wa globu ya kawaida unapungua karibu asilimia 30. Chumvi inakula waya wa hasi pale ulipofungwa kwenye bodi. Nimefungua boliti hapo nikakuta unga wa kijani mtupu.

Asali_Sikonge
Mimi ni mama mfanyabiashara, gari ni Hilux pia. Nilinunua LED za bei ya chini, nyeupe pee. Zilikuwa na feni ndogo nyuma. Ili feni iingie, fundi alikata mpira unaofunika mgongo wa taa. Mimi sikujua, nilimwamini.

Njia zetu za vumbi za huku Sikonge mnazijua kiangazi. Vumbi likaingia kwenye feni, likaingia na kwenye taa. Baada ya miezi mitano moja ikaanza kupepesa. Nilipoifungua feni ilikuwa imekaba kabisa, haizunguki hata kwa kidole. Masika yakaleta maji ndani ya kioo, ule mng'ao wa kikombe ukababuka kama rangi ya sufuria la zamani. Leo nikiweka globu yoyote hapo haiangazi, maana kikombe kimekufa. Nimepoteza taa nzima kwa ajili ya globu.

Na redio! Nikiwasha taa, redio inakoroma tupu. Nikizima, inasikika vizuri.

Kitu kingine nilichokiona: ukiwa nyuma ya gari jingine kwenye vumbi, ule weupe unakurudia wenyewe usoni kama ukuta. Sasa nimerudi kwenye globu za kawaida na taa mbili za njano chini kwenye bampa. Kwenye vumbi nawasha hizo na dimu, natembea polepole, nafika.

Boda_Ng'ambo
Mimi sina gari. Nina pikipiki, nabeba abiria mpaka vijijini. Naomba mnisikilize na mimi.

Ninyi mnapoongelea taa mnaongelea mnachokiona. Sisi tunaokuja upande wa pili tuna gurudumu mbili na taa moja. Gari la taa nyeupe likinipiga usoni, naangalia mstari wa pembeni wa lami, pale ambapo hakuna mstari naangalia majani. Mwaka jana nilikuwa na mama mjamzito nyuma, nikakutana na pikapu ya hivyo kwenye daraja dogo. Nilisimama kabisa, nikashusha miguu, nikasubiri ipite huku nimefumba macho. Dereva wala hakupunguza. Sidhani alikuwa mtu mbaya, nadhani hakujua.

Tafadhali, ukifunga taa mpya, mwambie mtu aendeshe gari lako usiku, wewe simama mbele kwenye umbali wa kupishana uangalie mwenyewe.

Mwana_Heru
Umesema kweli kaka. Nilizotoa mimi bado ziko kwenye boksi, na sitamuuzia mtu.

Tumbaku_Urambo
Kuna jambo halijatajwa, na kwa pikapu ndilo kubwa. Mzigo. Ukiweka magunia nyuma, mkia unalala, pua inainuka, na dimu yako inakuwa fulu. Haijalishi ni HID, LED au mshumaa. Mimi nilipigiwa fulu msimu mzima wa tumbaku nikidhani madereva hawana adabu, kumbe kosa ni langu.

Magari mengi yana kile kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, kimeandikwa namba kuanzia 0. Ni cha kushusha taa ukipakia. Wengi hatujawahi kukigusa tangu tununue gari.

Kupima ni rahisi. Tafuta ukuta na uwanja uliosawazika, egesha mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, weka alama urefu huohuo ukutani. Washa dimu: ukingo wa juu wa mwanga ukae kama sentimita 10 chini ya alama. Fanya gari likiwa tupu, halafu rudia likiwa na mzigo. Utashangaa.

Dmax_Gungu
Yangu ni Isuzu yenye projekta, HID kutoka kiwandani, na sijawahi kulalamikiwa. Ila angalieni gari lilikotoka. Rafiki yangu alinunua lililotengenezwa kwa nchi wanazoendesha kulia. Dimu yake inapanda upande wa kulia, yaani upande wa wanaokuja. Hapo hata globu ya kawaida inaumiza watu.

Chumvi_Uvinza
Wakuu, nimerudi, asanteni kutoka moyoni. Boda, maneno yako nimeyasoma mara tatu.

Nilikwenda kwa fundi wa hapa Kigoma nikamwomba apime kama alivyosema Fundi Waya. Betri 14.1. Soketi ya kushoto 11.6, ya kulia 11.9. Tukafuata waya wa hasi mpaka kwenye boliti, ukakatika mkononi kama bua kavu, ule unga wa kijani ulikuwepo. Amebadilisha hasi zote mbili na kuweka relei mbili (swichi za umeme) zenye waya mnene kutoka betri. Vioo vya taa vilikuwa vimefifia, akavisugua kwa msasa laini wa maji na kuvipaka dawa. Globu ni mpya, za kawaida, 60/55, yaani wati 60 za fulu na 55 za dimu.

Juzi usiku nimepita palepale kati ya Malagarasi na Nguruka, safari hii bila mzigo. Nimeona ng'ombe wawili wamelala pembeni mwa lami nikiwa bado mbali, nikapata muda wa kupunguza mwendo bila kushtuka. HID nimeiondoa kichwani kabisa. LED nyembamba yenye kikinga nitaifikiria baadaye, na nikifunga nitasimama mbele ya gari langu kwanza.

Tumbaku, kile kigurudumu ninacho. Nimekizungusha, taa ya kulia inashuka, ya kushoto haitikisiki. Jumatano napakia tani nzima ya chumvi, kwa hiyo kesho asubuhi narudi kwa fundi.