Muuza vitabu amechana kurasa za kitabu-mchezo akaniuzia kama kizima, watoto wamekwama mlangoni kwa adui

Mbukwenyi wakuu.

Sijawahi kufungua uzi wa malalamiko humu. Huwa napita, nasoma, naondoka. Leo nimeshindwa. Tangu jana usiku nimeandika na kufuta mara tatu kwa sababu nilikuwa natukana, na sitaki kutukana, nataka mnielewe. Jina la muuzaji sitaji, mtaa wake sitaji. Jina la kitabu na picha ya jalada nimeviweka kwenye kiambatisho. Uzi ni mrefu, mniwie radhi.

Watoto wawili wa kaka yangu walikuja kwangu hapa Ipagala kwa likizo ya Juni, wametoka Mpwapwa. Wa kiume yuko kidato cha kwanza, wa kike yuko darasa la tano. Mama yangu naye naishi naye. Mnaoijua Dodoma ya Juni mnaujua upepo wake: jua likishazama tu watu wote ndani, mablanketi mabegani, na usiku ni mrefu. Siku moja nikitoka kazini nikapita kwenye meza ya vitabu vya mitumba nikaona kitabu-mchezo cha Kiingereza, kimechakaa kidogo kwenye pembe. Nilivijua nikiwa sekondari, tulikuwa tunaazimana kimoja bweni zima. Bei, shilingi 7,000. Nikamuuliza yule kaka kwa mdomo wangu: "Hiki kizima? Hakuna kurasa zilizotoka?" Akakipangusa vumbi kwenye paja lake, akasema, "Kizima dada yangu, hata mwenyewe hakukisoma."

Nilifungua mwanzo, nikafungua mwisho, nikaona kipande namba 400 kipo. Nikalipa.

Kwa ambao hawajawahi kukutana navyo, naomba mnivumilie kidogo hapa maana hapa ndipo penye uchungu wote. Kitabu-mchezo hakisomwi kuanzia ukurasa wa kwanza kwenda wa pili. Hadithi imekatwakatwa vipande vyenye namba, na wewe msomaji ndiye mhusika mkuu. Unasoma kipande namba 1, mwishoni unaambiwa: ukitaka kuvuka mto nenda 87, ukitaka kuzunguka mlima nenda 302. Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walipotoa kitabu chao cha kwanza cha aina hii mwaka 1982 kiliishia kipande cha 400, na wengi waliofuata wakaishika hiyo 400 kama desturi. Unarusha dadu kupata ustadi wako, uhai wako na bahati yako. Ukikutana na adui unamrushia yeye dadu mbili, unajirushia na wewe mbili, unajumlisha na ustadi wa kila mmoja, aliyezidiwa anapungua uhai pointi mbili. Uhai ukiisha umekufa, rudi mwanzo.

Namba zimevurugwa kwa makusudi. Vipande vingepangwa kwa mfuatano, jicho lingeteleza mstari wa chini ukaona kwamba ukifungua mlango wa kushoto unaliwa, basi ungefungua wa kulia. Kwa hiyo jibu la kipande cha 12 unalikuta 340, na la 13 unalikuta 66. Msomaji anatembea gizani, kila namba ni daraja. Toa daraja moja na yote yaliyo ng'ambo yamepotea, hata kama yamechapwa na yapo mkononi mwako.

Hadithi yenyewe ni hii. Wewe ni kijana wa mji mdogo kando ya mto. Umetumwa kufuata chumvi, safari ya siku tatu. Unarudi na gunia begani, unaona moshi. Mji umechomwa, wamechukuliwa mpaka wanyama, na kengele kubwa ya mji imepasuliwa vipande vitatu, majemadari watatu wa yule mchawi wamegawana kama nyara. Hapo ndipo kisasi kinapoanzia. Unawatafuta mmoja mmoja.

Nilikuwa nasoma Kiingereza kimyakimya halafu naeleza kwa Kiswahili. Ile ya kwanza, mji unaungua, niliisoma nikidhani mama amelala kwenye kochi. Nilipomaliza akauliza bila kufumbua macho: "Na makaburi ya kwao, amebaki nani wa kuyaangalia?"

Nilinyamaza. Mama yangu ni Mgogo wa ndani kabisa. Wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia yake iliambiwa ihamie kijiji cha ujamaa. Hawakuchomewa na sisemi walichomewa. Lakini tembe la baba yake liliachwa, paa la udongo likaanguka kwa mvua za misimu miwili, na kaburi la babu yangu likabaki huko lenyewe porini. Jambo hili mama hajawahi kutukalisha chini akatusimulia. Nililijua kwa vipande vipande kutoka kwa wajomba. Kuanzia usiku ule, kila tukimaliza kula anauliza yeye: "Kijana wetu leo anakwenda wapi?" Watoto wakiwa hawakubaliani, anaamua yeye. Alikataa katakata tuweke kidole kwenye ukurasa wa nyuma ili tukifa turudi. Alisema aliyechagua njia aifuate.

Tulikufa mara sita. Mara moja tulizama, mara mbili tuliuawa na mbwa wa getini maana ustadi wetu ulikuwa saba tu, nyingine sizikumbuki. Kila tukifa mtoto wa kike anarusha dadu upya (za ludo, tulizitoa kwenye kiboksi cha jirani), anaandika upya kwa penseli. Yule wa kiume alichora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka jana, mto, daraja, mapango, nyumba ya mfua vyuma aliyetupa kiatu cha farasi. Ramani ilijaa ikabidi aongeze karatasi kwa gundi. Wiki mbili na nusu, wakuu. Hakuna aliyeniomba simu ya kuchezea.

Jumatano usiku tukapata kipande cha tatu cha kengele. Kila kipande kina namba iliyochongwa. Ukifika mlangoni kwa mchawi, kitabu kinakwambia kama una vipande vyote vitatu, jumlisha namba zake, kisha nenda kwenye kipande chenye namba utakayoipata. Hiyo namba haikuandikwa popote. Ni mtego mzuri sana, kwa sababu mwizi wa njia hawezi kuipata, anaipata aliyetembea tu.

64, 58, 93. Mtoto akapiga hesabu nyuma ya daftari. 215.

Nikafungua. 209, 210, kisha 219.

Nikadhani kurasa zimegandana. Nikapitisha kucha. Nikaangalia kwenye mshono nikaona ukingo mdogo wa karatasi, umechanika vibaya, na gundi imebanduka. Karatasi mbili zimetolewa. Kuanzia 211 mpaka 218 hakuna kitu.

Nilikuwa sijasema lolote, nilikuwa bado naangalia ule mshono, nikasikia yule binti anasema kwa sauti ndogo: "Shangazi, nimekosea." Akafuta. Akajumlisha tena. Akapata 215. Akafuta tena, safari hii akaandika namba wima, sitini na nne juu, hamsini na nane, tisini na tatu, akaweka moja inayobebwa juu ya sita, polepole, ulimi nje. 215. Akanitazama machozi yanamlengalenga, anaamini ni yeye aliyekosea, kwamba bibi yake na kaka yake wamekesha wiki mbili na nusu halafu yeye ameharibu kwenye kujumlisha. Ilinibidi nimshikishe ule ukingo uliochanika kwa kidole chake ndipo akaamini.

Hilo ndilo lililonifanya nifungue huu uzi. Shilingi 7,000 nitazipata.

Alhamisi nikaenda na kitabu mkononi. Nikamwonyesha muuzaji. Hakukataa! Nilijiandaa kwa mtu atakayekataa. Alikichukua, akaangalia, akaniambia kwa utulivu kabisa: "Hizo nilizitoa mimi dada. Huyu mama wa karanga hapa huwa namsaidia karatasi. Sasa hicho kitabu nilikiona kurasa zake hazifuatani, huku anapigana huku yuko sokoni, nikajua hata zikitoka mbili hazina shida."

Nisomeeni hiyo sentensi tena. Alikifungua. Aliona maneno hayafuatani. Na kwa sababu hakuelewa kinavyofanya kazi, akaamua hakuna cha kuelewa. Riwaya ya kawaida ukichana karatasi mbili katikati, msomaji ataumia lakini ataruka, atabahatisha kilichotokea, ataendelea. Kile kitabu kati ya vitabu vyote vilivyokuwa juu ya ile meza ndicho ambacho hakikustahili kuguswa hata karatasi moja, na ndicho alichokichagua kukichana. Halafu akanitazama usoni akaniambia kizima.

Nikamuuliza, ulipouza ulikumbuka? Akasema alikumbuka. Nikadai hela yangu. Akanipa 2,000, akasema nyingine nimeshasoma. Nikamwambia mama yangu wa miaka themanini kasoro anasubiri kujua kama huyo kijana alifika. Akasema, "Dada, si hadithi tu? Chukua kingine hapo, chagua chochote." Chochote! Kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni unamwambia achukue yeyote.

Mama wa karanga alikuwa anasikia yote. Huyo simlaumu hata kidogo, alisimama akaanza kunitafutia mwenyewe. Alikuwa na karanga zimefungwa kwenye karatasi zilizokunjwa mfano wa pembe, zimepangwa kwenye beseni. Akageuza moja moja. Ya nne kutoka chini, nikaona maandishi nayajua. Nikaifungua pale pale, karanga nikazimimina mkononi. 211 na 212 upande mmoja, 213 na 214 upande wa pili, chumvi na mafuta yameshaloa katikati. Inaishia hapo. Karatasi ya pili, yenye 215, ilishauzwa. Kuna mtu alikula karanga akiwa anasubiri daladala akaitupa, na upepo wa Dodoma mnaujua.

Nimelipia zile karanga. Karatasi ninayo, nimeirudisha kwenye mshono kwa gundi.

Najua atakuja mtu hapa aniambie nikipakue intaneti. Nimetafuta usiku kucha, nimekuta picha za jalada na watu wanaokumbuka utoto wao, kipande chenyewe sijakikuta. Atakuja mwingine aseme nibuni mwisho mwenyewe, watoto hawatajua. Nimejaribu, sifichi. Jana usiku nilianza, "basi kijana akaunganisha kengele..." Mama akanikatiza. Akaniuliza, "Hiyo umeisoma au umeitunga?" Nikakiri. Akasema hapana, tusubiri. Huyo ni mtu ambaye ya kwake hayakupata mwisho, na hiki cha kitabu amekifuata hatua kwa hatua kwa sheria zake zote, amekufa mara sita na sisi. Siwezi kumpa mwisho wa kughushi. Na mtoto wa kiume naye amesema hivyo hivyo, tena kwa hasira, kwamba nikitunga basi zile mara sita tulikufa bure.

Na nyinyi wauzaji mliomo humu, maana najua mmo: karatasi za kufungia zipo tele, magazeti ya zamani yapo, madaftari yaliyoisha yapo kila nyumba yenye mwanafunzi. Kitabu ukikichana, kiuze kwa kilo kama karatasi. Usikirudishe mezani na bei juu yake. Mteja akikuuliza kizima au si kizima, ameshakwambia kitakachomuumiza.

Sasa ninachoomba. Mwenye hiki kitabu, awe Dodoma, Singida, Morogoro, Dar, popote, angalia jalada kwenye kiambatisho. Nahitaji karatasi inayoanzia 215 mpaka 218, pande zote mbili, maana nahisi 215 itatutuma mbele na sijui kama ni kwenye hizo hizo zilizopotea. Ukipiga picha, washa taa vizuri, maandishi yake ni madogo. Kama unakiuza kizima, nanunua, ila utanifungulia namba moja moja nione.

Watoto wanarudi Mpwapwa Jumamosi na basi la saa moja asubuhi. Ramani ya kalenda bado iko ukutani, tumebakiza uhai 9 na bahati 4, na dadu ziko mezani kama tulivyoziacha.